Neno ni la Nani? Lugha na Mizozo ya Alama za Biashara katika Ulimwengu wa Tarakilishi

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba lugha ni mali ya jamii inayoitumia. Hakuna mtu binafsi anayemiliki neno 'maji', wala 'dirisha', wala 'safari'. Hata hivyo, katika ofisi za serikali za nchi nyingi duniani mna madaftari ambamo maneno huandikishwa kwa majina ya watu na makampuni, na aliyeandikisha hupewa haki ya kumzuia mwingine asiyatumie katika biashara ya aina fulani. Maneno hayo huitwa alama za biashara. Kwa muda mrefu suala hili lilionekana kuwa la mawakili na wenye viwanda. Tangu tarakilishi zienee, limekuwa pia suala la kijana mwenye kipakatalishi kimoja, aliyeketi chumbani mwake akaunda programu, akaipa jina lililompendeza, kisha akapokea barua ya mawakili wa kampuni kubwa ikimtaka aliache jina hilo mara moja.

Makala haya yanaeleza namna mizozo hiyo inavyozuka na inavyoamuliwa. Mifano mitatu inatumiwa: mzozo wa Microsoft na Lindows, mizozo ya kampuni ya michezo ya King na waundaji wadogo, na kesi ya Google na Android Data. Hoja inayojitokeza ni kwamba kiini cha mizozo hii ni swali la kiisimu: neno hili lina maana gani, kwa nani, na tangu lini? Sheria ina njia za kulijibu swali hilo. Lakini aghalabu mzozo humalizika kabla jibu halijatolewa, kwa sababu upande mmoja hauna fedha za kulisubiri. Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kulifahamu jambo hili, kwa maana maneno ya Kiswahili nayo yamo sokoni.

Alama ya biashara na unasibu wa lugha

Alama ya biashara ni neno, jina, picha au ishara nyingine inayomwezesha mnunuzi kutambua chimbuko la bidhaa au huduma. Kazi yake si kueleza bidhaa ni nini, bali kueleza imetoka kwa nani. Mnunuzi anayeona picha ya tufaha lililomegwa upande mmoja kwenye kipakatalishi hafikirii matunda. Anaifikiria kampuni ya Apple. Kwa hiyo alama ya biashara ni ishara yenye kiashiria na kiashiriwa kama ishara nyingine za lugha, ila kiashiriwa chake si dhana ya kawaida, bali ni asili ya bidhaa.

Maadamu kazi ya alama ni kutofautisha, sheria huyapanga maneno kulingana na uwezo wake wa kutofautisha. Nchini Marekani, mpangilio unaotumiwa sana ulifafanuliwa na mahakama ya rufani yenye makao yake New York mwaka wa 1976, katika kesi ya Abercrombie & Fitch dhidi ya Hunting World. Mpangilio huo una ngazi tano, na ngazi hizo zinaweza kuelezwa kwa mifano ya Kiswahili.

Ngazi ya kwanza ni ya maneno ya jumla, yaani jina lenyewe la kitu. Duka la kuuza tarakilishi haliwezi kulimiliki neno 'Tarakilishi', kwa kuwa kufanya hivyo kungewanyima wauzaji wengine wote jina la kile wanachokiuza. Ngazi ya pili ni ya maneno ya maelezo, yanayotaja sifa ya bidhaa, mathalani 'Kasi' kwa huduma ya intaneti. Maneno haya hulindwa tu pale ambapo umma, baada ya matumizi ya muda mrefu, umeyazoea kuwa jina la mfanyabiashara mmoja. Wanasheria huiita hali hiyo maana ya pili. Ngazi ya tatu ni ya maneno yanayodokeza, ambayo humtaka mteja afikiri kidogo, kama vile 'Swara' kwa huduma hiyo hiyo ya intaneti. Ngazi ya nne ni ya maneno ya kawaida yaliyohamishiwa mahali pasipohusiana kabisa na maana yake. Tufaha na tarakilishi ni mfano mwafaka. Ngazi ya tano ni ya maneno yaliyobuniwa, kama vile Kodak, jina ambalo George Eastman alilibuni na kuliandikisha mwaka wa 1888.

Mwanaisimu atatambua hapa dhana aliyoizoea. Lugha hufafanuliwa kuwa mfumo wa sauti nasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile ya kitu kuitwa 'mti' badala ya 'kiti'. Sheria ya alama za biashara huutuza unasibu huo. Kadiri uhusiano baina ya neno na bidhaa unavyokuwa wa nasibu, ndivyo ulinzi unavyokuwa imara. Na kadiri neno linavyoieleza bidhaa waziwazi, ndivyo ulinzi unavyokuwa dhaifu. Mtego wa kwanza wa waundaji wadogo umo papa hapa. Mtu asiye na fedha za matangazo hupenda jina linalojieleza lenyewe, ili mteja aelewe mara moja programu inafanya nini. Jina hilo humvutia mteja, lakini siku ya mzozo halimtetei mwenyewe.

Kipimo cha mfanano

Mwenye alama hawezi kumzuia kila mtu kila mahali. Alama huandikishwa kwa aina mahususi ya bidhaa au huduma. Mpangilio wa kimataifa uliotokana na mkataba wa Nice, Ufaransa, wa mwaka wa 1957, sasa una makundi 45, na programu za tarakilishi zimo katika kundi la 9. Ndiyo sababu jina moja laweza kutumiwa na kiwanda cha sabuni na kampuni ya bima bila ugomvi wowote.

Ugomvi huzuka pale ambapo kuna uwezekano wa wateja kuchanganyikiwa kuhusu chimbuko la bidhaa. Mahakama hulinganisha majina mawili kwa mambo matatu: yanavyosikika, yanavyoonekana yakiandikwa, na maana zake. Kwa maneno mengine, jaji hufanya uchanganuzi wa kifonolojia, wa kiothografia na wa kisemantiki, hata kama hautambui kwa majina hayo. Kisha huangalia ukaribu wa bidhaa zenyewe, nguvu ya alama ya kwanza, nia ya aliyeanza baadaye, na ushahidi wa wateja waliokwisha kuchanganyikiwa. Hakuna kigezo kimoja kinachotosha peke yake. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba 'bata' na 'pata' hutofautiana kwa sauti moja tu, na bado hakuna anayeyachanganya, kwa sababu muktadha humwongoza. Muktadha wa alama za biashara ni soko.

Lindows: dirisha lilikuwa la nani?

Mwaka wa 2001, Michael Robertson, ambaye awali alikuwa ameanzisha kampuni ya muziki ya MP3.com, aliunda kampuni ndogo mjini San Diego, Marekani. Nia yake ilikuwa kutengeneza mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, lakini ulio rahisi kwa watu waliozoea Windows. Aliuita Lindows. Jina hili ni tunda la uhulutishaji: sehemu ya Linux imeunganishwa na sehemu ya Windows, jinsi 'chajio' ilivyotokana na chakula cha jioni. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Microsoft iliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya Seattle.

Kwa mtazamo wa haraka, Microsoft ilikuwa na hoja nzito. Majina yalitofautiana kwa sauti moja ya mwanzo, bidhaa zote mbili zilikuwa mifumo endeshi, na Windows ilikuwa na umaarufu usio kifani. Lakini Lindows haikuukalia mfanano huo. Ilirudi nyuma hatua moja ikauliza: je, neno 'windows' lenyewe lilistahili kuwa la Microsoft?

Kwa Kiingereza, neno hilo ni madirisha. Wataalamu wa tarakilishi walikuwa wakilitumia kabla Microsoft haijatoa Windows mwezi wa Novemba 1985, kwa maana ya eneo la mstatili kwenye skrini linaloonyesha kazi moja. Dhana hiyo iliendelezwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1984 mfumo wa X Window ulizaliwa katika chuo kikuu cha MIT. Ofisi ya Marekani inayoandikisha alama za biashara ilikuwa imelikataa ombi la Microsoft mwaka wa 1993 kwa hoja kwamba neno hilo lilikuwa la maelezo tu, kabla ya kubadili msimamo na kuliandikisha mwaka wa 1995.

Mwezi wa Machi 2002, Jaji John Coughenour alikataa kuizuia Lindows kutumia jina lake kabla ya kesi kusikizwa, akisema yako maswali mazito kuhusu iwapo neno hilo ni la jumla. Baadaye likazuka suala la wakati. Microsoft ilitaka maana ipimwe kwa matumizi ya sasa, ambapo watu wengi wakisikia Windows huifikiria Microsoft. Lindows ilitaka maana ipimwe kwa matumizi ya kabla ya Novemba 1985. Ni tofauti ile ile anayoijua mwanafunzi aliyesoma nadharia za Ferdinand de Saussure: upande mmoja ulitazama lugha katika kipindi kimoja, upande wa pili ukaitazama katika mabadiliko yake ya kihistoria. Mwezi wa Februari 2004 jaji aliamua kwamba baraza la wazee wa mahakama lingepaswa kuzingatia maana ya kabla ya Novemba 1985. Mantiki yake ni kwamba neno ambalo tayari ni jina la kitu kwa watu wote haliwezi kunyakuliwa na mmoja wao kwa wingi wa matangazo.

Uamuzi huo ulikuwa ushindi wa mdogo, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuhamishiwa kwingine. Microsoft ilifungua mashtaka katika nchi za Ulaya, na mahakama za Uswidi, Ufini na Uholanzi zikatoa amri dhidi ya Lindows. Hapa pana funzo la kiisimu lisilopaswa kupuuzwa. Mholanzi wa kawaida huliita dirisha 'raam' au 'venster'. Hoja kwamba 'windows' ni neno la kila mtu, ambayo ilikuwa na uzito mkubwa mbele ya wazungumzaji wa Kiingereza, hupungua uzito inapovuka mpaka wa lugha. Neno lile lile laweza kuwa la jumla katika jamii moja, na la nasibu katika jamii nyingine.

Mwezi wa Aprili 2004 kampuni hiyo ilibadilisha jina la bidhaa yake kuwa Linspire. Mwezi wa Julai pande mbili zilipatana: Microsoft ililipa dola milioni 20, na Lindows ikaliacha jina lake. Ni nadra mshtaki kumlipa mshtakiwa. Malipo hayo yalimaanisha pia kwamba swali la msingi halikufikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Dirisha likabaki la Microsoft, si kwa sababu mahakama ilisema hivyo, bali kwa sababu hakuna aliyebaki kuuliza.

King: peremende na masimulizi

Kampuni ya King ilianzishwa Stockholm, Uswidi, mwaka wa 2003, na ikapata umaarufu mkubwa kwa mchezo wa Candy Crush Saga uliotolewa mwaka wa 2012. Mwaka wa 2013 iliomba kuandikisha neno 'candy', yaani peremende, nchini Marekani. Wakati huo huo ilikuwa ikililinda neno 'saga' katika majina ya michezo yake. Maneno yote mawili ni ya kawaida kabisa. La pili lina asili katika lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya, na ndilo jina la masimulizi marefu ya nathari yaliyoandikwa Iceland katika karne za kati. Mswahili atauelewa uzito wa jambo hili akifikiria kampuni ya michezo ikidai neno 'utenzi'.

Mwezi wa Desemba 2013, King ilipinga kuandikishwa kwa jina la The Banner Saga, mchezo ulioundwa na kampuni ndogo ya Stoic, iliyoanzishwa na watu watatu katika jimbo la Texas. Mchezo huo unahusu safari na mapigano ya watu wa kaskazini katika mazingira ya hekaya za kale. Neno 'saga' lilitumiwa kwa maana yake ya asili. King ilieleza kwamba haikukusudia kuuzuia mchezo huo, bali ililazimika kupinga ili isionekane kuwa inaiachia alama yake. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo mtupu, kama itakavyoonyeshwa baadaye, lakini kwa aliyepokea pingamizi tofauti ilikuwa ndogo.

Mzozo wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Mwaka wa 2010, miaka miwili kabla ya Candy Crush Saga, muundaji mmoja wa Marekani kupitia kampuni yake ndogo ya Runsome Apps alikuwa ametoa mchezo wa kupanga peremende ulioitwa CandySwipe. Yeye ndiye aliyetangulia, na alipinga King kuandikisha jina lake. King ilijibu kwa mbinu ambayo mtu wa kawaida asingeiwazia: ilinunua haki za alama nyingine ya zamani zaidi, Candy Crusher, kisha ikaitumia kuomba CandySwipe ifutwe. Aliyetangulia akageuzwa kuwa aliyechelewa, kwa nguvu ya hundi.

Mwezi wa Februari 2014 muundaji huyo aliandika barua ya wazi kueleza masaibu yake, na malalamiko ya umma yakapanda. Mwezi huo huo King iliondoa ombi lake la neno 'candy' nchini Marekani, na mwezi wa Aprili ikatangaza kupatana na Runsome Apps na Stoic pia. Hapa tena mahakama haikutoa jibu. Kilichowanusuru wadogo ni sauti ya umma, si hukumu.

Android Data: haki inayolala

Isidhaniwe kwamba mdogo siku zote ndiye mwenye haki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muundaji wa programu katika jimbo la Illinois, Marekani, alikuwa na kampuni iliyoitwa Android Data, na mwaka wa 2002 jina hilo liliandikishwa kuwa alama yake. Biashara haikufua dafu, na mwisho wa mwaka huo shughuli zake kuu zilisimama. Google iliinunua kampuni nyingine iliyoitwa Android mwaka wa 2005, na ilipotangaza mfumo wake wa simu mwezi wa Novemba 2007 iliomba kuandikisha jina hilo. Ombi lilikataliwa mwezi wa Februari 2008, kwa sababu Android Data ilikuwa ingali daftarini.

Mwenye Android Data alijaribu kulifufua jina lake mwishoni mwa mwaka wa 2007, na mwezi wa Aprili 2009 akaishtaki Google. Mahakama iliamua mwaka wa 2010 kwamba alama yake ilikuwa imetelekezwa tangu mwisho wa 2002, na mahakama ya rufani ikauunga mkono uamuzi huo mwezi wa Aprili 2014. Chini ya sheria ya Marekani, kutolitumia jina kwa miaka mitatu mfululizo huchukuliwa kuwa dalili ya kulitelekeza, mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Uamuzi huu unawiana na tabia ya lugha. Neno huishi midomoni mwa watu. Likikosa kutumiwa hufa hata kama kamusi bado inalitaja. Vivyo hivyo, kuandikwa daftarini hakutoshi kulipa jina uhai. Jina lisilotumiwa hurudi kwa umma, na yeyote aweza kuliokota.

Kwa nini wadogo husalimu amri

Ili kuyaelewa mambo haya kwa haki, sharti hofu ya wakubwa ielezwe kwanza. Alama ya biashara inaweza kufa kwa kupendwa mno. Neno 'aspirin' lilikuwa alama ya kampuni ya Bayer, lakini mahakama ya Marekani iliamua mwaka wa 1921 kwamba kwa umma lilikuwa limekuwa jina la dawa yenyewe. 'Escalator', yaani ngazi inayojiendesha, lilipatwa na yayo hayo mwaka wa 1950. Nchini Kenya, mtoto anayetumwa dukani kununua 'Omo' huenda akarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine, na hakuna atakayemkemea. Katika semantiki, huku ni kupanuka kwa maana. Katika biashara, ni kupoteza mali. Ndiyo sababu makampuni hutuma barua kila yanapoona jina linalofanana na lao. Google yenyewe iliwahi kushtakiwa na mtu aliyedai kwamba jina lake limekuwa kitenzi tu cha kutafuta habari katika intaneti. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufani ilikataa dai hilo, ikieleza kwamba watu kulitumia jina kama kitenzi hakuthibitishi kwamba limekuwa jina la jumla la huduma zote za aina hiyo.

Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mzigo wake huwaangukia wasio na uwezo. Kwa kampuni kubwa, barua ya mawakili ni kazi ya kila siku. Kwa muundaji mdogo, kuijibu barua hiyo ipasavyo kunahitaji wakili, na kesi yaweza kudumu miaka. Mwaka wa 2020, Apple ilipinga alama ya Prepear, programu ya kupanga mapishi, ambayo nembo yake ilikuwa mchoro wa pea lenye jani. Wenye programu walianzisha ombi la hadhara lililotiwa saini na watu wengi, na mwaka wa 2021 mambo yakaisha kwa kubadilisha umbo la jani. Wengine, ambao habari zao hazifiki magazetini, hubadilisha jina kimya kimya. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na wengi hupisha bila kuuliza iwapo njia ni yake.

Ipo pia njia ya staha. Kivinjari kinachojulikana leo kama Firefox kiliitwa Phoenix, kikabadilishwa jina kuwa Firebird mwaka wa 2003 kutokana na dai la kampuni ya Phoenix Technologies. Kumbe Firebird lilikuwa tayari jina la mradi wa hifadhidata uliokuwa ukiendeshwa na jamii ya waundaji wa kujitolea. Wenye mradi huo walilalamika, na mwezi wa Februari 2004 kivinjari kikapewa jina la Firefox. Hapakuhitajika hukumu, palihitajika upande uliochelewa kukubali kwamba mwenzake alitangulia.

Maneno ya Kiswahili sokoni

Mifano hii ya ng'ambo ina mwangwi Afrika Mashariki. Mwezi wa Januari 2003 Apple ilitoa kivinjari chake kiitwacho Safari. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, likakomaa katika Kiswahili, kisha likaingia Kiingereza kwa maana finyu ya matembezi ya mbugani. Kwa kivinjari, ni alama inayodokeza tu. Kwa kampuni ya mabasi ya Nairobi au Mombasa, ni neno la jumla ambalo hakuna awezaye kulihodhi. Haki ya Apple haifiki kwenye kituo cha mabasi.

Mipaka hiyo haikuonekana dhahiri katika mambo mengine. Mwaka wa 1994 kampuni ya Disney iliomba kuandikisha maneno 'Hakuna Matata' kwa mavazi nchini Marekani, na yakaandikishwa mwaka wa 2003. Habari hizo zilipoenea mwishoni mwa 2018, makumi ya maelfu ya watu walitia saini malalamiko. Kisheria, hakuna Mswahili aliyekatazwa kuyatamka maneno hayo. Kilichozuiwa ni kuyatumia kama alama ya mavazi katika soko la Marekani. Lakini mshonaji wa Mombasa anayetaka kuuza fulana zake ng'ambo hulikuta soko hilo na mlango uliorudishwa. Vilevile, mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno 'Kikoy', na ombi hilo likaachwa baada ya pingamizi kutoka kwa watetezi wa wafumaji na wauzaji wa Kenya.

Nchini Kenya, mambo haya huongozwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na husimamiwa na Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, maarufu kama KIPI. Ombi linalokubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na aliye na sababu anaweza kulipinga katika muda wa siku 60. Alama iliyoandikishwa hudumu miaka 10 na inaweza kuhuishwa tena na tena. Isipotumiwa kwa miaka mitano mfululizo, yaweza kuombewa kufutwa. Vijana wa Kenya wanaounda programu na kuzipa majina ya Kiswahili wanahitaji kuyajua haya kabla ya kuchapisha nembo, si baada ya kupokea barua.

Hitimisho

Mizozo iliyojadiliwa inaonyesha kwamba neno haliuzwi kama shamba. Mwenye alama ya biashara hupewa matumizi fulani ya neno, katika soko fulani, kwa muda anaoendelea kulitumia. Maana nyingine zote hubaki mikononi mwa jamii. Hiyo ndiyo nadharia. Katika utendaji, mpaka baina ya sehemu ya kampuni na sehemu ya umma huchorwa na yule anayeweza kugharimia kuuchora. Lindows ilikuwa na hoja nzuri na ikauza jina lake. CandySwipe ilitangulia na karibu ifutwe. Android Data ililala ikapitwa.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi hapa. Swali la iwapo neno ni la jumla au la nasibu hujibiwa kwa ushahidi wa matumizi: kamusi, magazeti, matangazo ya zamani, istilahi za vitabu vya kiada. Katika mzozo wa Lindows, maandishi ya kabla ya 1985 ndiyo yaliyompa mdogo nguvu. Kamusi inayotunzwa vyema na kumbukumbu za istilahi zenye tarehe huwa ushahidi siku neno linapodaiwa na mmoja. Hivyo mwanafunzi anayekusanya maneno ya mafundi wa simu wa Luthuli au ya wavuvi wa Lamu, akaandika tarehe, mahali na maana, hafanyi kazi ya darasani tu. Anaandika hati ya mali ambayo haina mwenyewe mmoja, na ambayo siku moja huenda ikahitaji shahidi.